Goti la Chacha

Tata, shikamoo.

Nimemtaja Chacha, mwanao. Naanza na hilo, maana nikianza na habari za mahindi na mvua nitafika chini ya karatasi sijalisema. Nimemtaja mbele ya ritongo lote, mkutano mzima wa kijiji, mchana, wazee wamekaa na vijana wamesimama, kwa jina lake na kwa jina lako. Tangu siku ile Mama haniiti Bhoke. Ananiita "wewe". Wewe, chai ipo. Wewe, funga mlango. Na juzi, akiwa amenipa mgongo anapepeta ulezi, alisema, "Baba yako angezifuta zile nyayo."

Ndiyo maana nakuandikia. Sina mwingine wa kumwambia, na wewe huwezi kunikatiza. Nitakueleza kama ulivyokuwa unataka nieleze ukinituma mahali: ulifika, ukaona nini, ukafanya nini.

Ulipotuacha, kile kilima nyuma ya kwa Magige kilikuwa cha mbuzi. Hatukumaliza hata mwezi baada ya kukuzika, mtu mmoja akichimba shimo la choo akakuta jiwe lenye dhahabu. Wiki chache tu, kilima chote turubai. Watu walitoka Geita, walitoka Kahama, wengine walivuka Sirari kutoka Isebania na masufuria yao begani. Kila duara, yaani shimo la kuchimbia, likapata wenyewe, kila karasha ya kusagia mawe ikapata mlinzi. Kelele za hizo karasha zinafika mpaka kaburini kwako. Siku moja nilikuja kupalilia, nikashindwa hata kuomba. Mwalimu wa darasa la tano aliacha chaki akaingia shimoni. Shamba la kwa Magige halina bua hata moja, ni mashimo tu.

Na kazi yangu ya mazoezi ya viungo hospitali ikabadilika. Zamani nilikuwa napata akina mama wa mgongo na watoto waliochelewa kutembea. Sasa naletewa vijana wazima, mmoja baada ya mwingine. Nyonga zimechomoka, vifundo vimegeuka, mapaja yamevunjika mara mbili. Duara likiporomoka haliui kila mtu, Tata. Wengine linawarudisha nusu, na hiyo nusu ndiyo naletewa mimi.

Wewe ulikuwa mgonjwa wangu wa mwisho kabla ya dhahabu. Bado nakuona kwenye vile vyuma viwili vya kushikilia. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wako wote wa kulia. Mtu aliyefuata ng'ombe wa wizi kwa miguu kutoka Nyansurura mpaka Mbalibali, akisoma majani na vumbi, alikuwa hawezi kufika mlangoni. Mimi nilisimama nyuma yako, mkono kwenye nyonga. Chacha alikuja kila siku kutoka shamba, na matope yake, akakushika kushoto. Nikawa nakuambia, "Kaza paja, Tata. Sukuma sakafu na kigimbi. Sasa kunja goti."

Ukaniuliza goti lina shida gani, wakati kinachokwenda mbele ni unyayo. Nikakueleza kwamba miguu yetu miwili ina urefu mmoja, kwa hiyo ule unaopita hewani ukibaki umenyooka utagonga chini. Lazima goti likunje ili mguu uwe mfupi kwa muda mdogo. Msuli wa mbele ya muundi unanyanyua vidole visikwaruze. Halafu goti linanyooka tena, kisigino kinagusa kwanza, na ule msuli unaushusha unyayo polepole usipige kofi. Na wakati huo wote mguu mwingine umebeba mwili mzima peke yake, misuli ya pembeni ya nyonga ikizuia kiuno kisianguke upande mmoja. Ulisikiliza kama unavyosikiliza kesi. Ukasema miaka yote hiyo ulikuwa unaona alama zilizobaki chini tu, hukuwahi kuambiwa huko juu kunafanyika nini.

Siku nilipokutoa nje kwa mara ya kwanza, ulitembea hatua kumi na moja kwenye vumbi la uwanja. Ukasimama, ukageuza shingo, ukaangalia ulikotoka. Ukauliza, "Huyu ni nani?"

Chacha alicheka. Halafu akaona uso wako, akaja akakushika. Ulikuwa huzitambui nyayo zako mwenyewe. Mpaka leo, Tata, inaniuma kwamba sikukujibu.

Chacha aliingia duarani baada ya matanga. Nilimkataza, Mama alimkataza. Jiwe lilimwangukia goti la kulia, pia ya goti ikapasuka vipande. Madaktari walimfunga waya na plasta, wakampa tarehe ya kurudi. Hakurudi. Alikaa na ile plasta karibu miezi mitatu, na ilipotolewa goti lilikuwa limeganda. Mtu anayetembea vizuri goti lake linakunja kama nyuzi sitini mguu ukipita hewani. La Chacha lilifika kumi na tano. Nikamlaza kitandani nikaanza kulikunja kidogo kidogo. Jasho linamtoka, meno yameuma taulo. Wiki ya tatu akaniambia, "Bhoke, bora mngelikata."

Mwili wake ukatafuta njia nyingine. Kwa kuwa goti halikunji, nyonga ikawa inautupa mguu nje, unazunguka kama mundu unapokata nyasi, ncha ya kiatu ikikwaruza chini. Na ili upate nafasi ya kupita, mguu mzima wa kushoto ukawa unainuka juu ya vidole, kila hatua. Nilimwaga unga wa muhogo kwenye korido, nikamtembeza juu yake, nikapima kwa futi ya mshonaji na kuchora kwenye faili. Kulia: kisigino kizito, halafu mkwaruzo wa nusu mwezi. Kushoto: kidole gumba kimezama. Wenzake machimboni wakaanza kumwita Bikari, kile chombo cha shuleni cha kuchorea duara. Alicheka nao. Halafu akaacha kuja mazoezi, akasema anakwenda kwa Mjomba Isebania kuuza spea za pikipiki. Mama akawa anamtumia unga. Kila mtu alijua Chacha yuko Kenya.

Sasa siku yenyewe.

Alfajiri Mzee Nyamhanga alikutwa amelala kando ya karasha anayoilinda. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa anaimba besi kanisani. Alikuwa amepigwa nyundo upande wa kushoto wa kichwa, na viroba vya mawe vilivyokuwa vinasubiri kusagwa havikuwepo. Waliniletea hospitali akikoroma kile kikoromo kibaya. Nilikuwa nasaidia kumgeuza wakati Magige, mwenyekiti wa sungusungu, alipoingia na buti zake za matope.

"Wewe ni mtoto wa Wambura," akasema. "Baba yako angekuwepo tungemwita yeye. Kuna nyayo za mtu anayeburuta mguu. Tumemkamata Marwa. Ni mgonjwa wako, unaujua mguu wake. Njoo useme ni yeye, wazee wamalize."

Marwa ni kijana wa mtaa wa chini. Gogo la duarani lilimminya mshipa wa fahamu unaopita pembeni ya goti, na tangu hapo unyayo wake wa kulia unaning'inia. Ni kweli anaburuta. Ni kweli pia kwamba wiki iliyopita alikuwa amegombana na Mzee Nyamhanga mbele za watu.

Nilipanda nyuma ya pikipiki ya Magige. Njiani niliona wingu linatoka upande wa ziwa, jeusi chini, na nikafikiri jambo moja tu: marudio. Hivi ndivyo wanavyoita ule udongo laini unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Ukiwa na unyevu unashika alama hata ya mguu wa kuku. Mvua ikinyesha unakuwa uji.

Marwa alikuwa amekaa chini, mikono imefungwa nyuma na miguu imefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Mke wake alikuwa ameshika kile kifaa cha plastiki nilichomtengenezea cha kuinulia unyayo, amekikumbatia kifuani. Watu ni wengi mno. Vijana wameshika fimbo na mapanga, na mmoja ana galoni, Tata. Nilinusa petroli kabla sijaiona.

Kulikuwa na nyayo sita nzuri. Mtu mwenye akili alikuwa amezifunika kwa makarai, kama ulivyokuwa unafundisha. Nilichuchumaa, nikainua karai la kwanza.

Kisigino. Kisigino kirefu, kimezama kuliko sehemu yote. Nikapumua. Marwa hana kisigino. Kwa kuwa vidole vyake vinaning'inia, inabidi ainue goti juu kama mtu anayepanda ngazi, na unyayo unatua vidole kwanza. Nikainua karai la pili nikiwa tayari nimefungua mdomo niseme si yeye.

Nikaona mkwaruzo. Haukuwa mstari wa kuburuta. Ulikuwa umepinda nje, ukarudi ndani. Nusu mwezi. Karai la tatu, mguu wa kushoto: kidole gumba kimezama, kisigino hakipo kabisa.

Sikuhitaji la nne. Niliinua la nne, la tano na la sita ili nisiinue uso.

Tata, nikiwa pale chini nilikumbuka Mbalibali. Sikuwahi kukuambia kwamba niliona. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, ukanichukua nikuandikie alama kwenye daftari kwa sababu macho yalikuwa yameanza kukusumbua. Tulifuata wale ng'ombe siku mbili. Kwenye kijito ukasimama, ukawaambia wanaume nyayo zimeishia majini, wezi wamepita ndani ya maji. Lakini mimi nilikuwa nimeshavuka. Nyayo zilikuwepo upande wa pili, za ng'ombe na za mtu mmoja. Ulivuka polepole, ukasimama juu ya ile ya mtu, ukaugeuza mguu wako kulia na kushoto mpaka ikafutika. Uliniangalia. Nikafunga daftari. Sikukuuliza ni nani. Jioni hukula. Na wiki iliyofuata walimkamata mtu mwingine wa Nyansurura kwa ng'ombe wale wale, wakampiga, jicho lake moja likapotea. Nilimwona sokoni miaka yote iliyofuata. Na wewe ukimwona ulikuwa unapita njia nyingine.

Marwa ana watoto wawili.

Nikasimama nikasema, "Si Marwa."

Zogo likapanda. Magige akainua mkono. "Mfungueni," nikasema, "mtembezeni hapa pembeni, muone wenyewe." Wakamfungua miguu tu. Akatembea, goti linapanda juu, unyayo unaanguka, paf, paf. Nikawaonyesha wazee: hapa kisigino, hapa hakuna. Hapa vidole kwanza, hapa vidole mwisho. Mzee mmoja alichuchumaa akapitisha kidole chake kwenye ukingo, kama ulivyokuwa unafanya wewe.

Yule mwenye galoni akasema, "Alijifanya. Alitembea tofauti makusudi."

"Hawezi," nikasema. "Mtu mzima anaweza kuigiza kilema. Kilema hawezi kuigiza msuli ambao hauna nguvu. Ule wa mbele ya muundi wake umelala. Mwambie akanyage kisigino kwanza kama huyu. Mwambie."

Walimwambia. Alijaribu. Alijaribu mpaka akaanguka, na hakuna aliyecheka.

Nilidhani imekwisha, Tata. Nilidhani nitarudi hospitali nikiwa nimemwokoa mmoja bila kumtoa mwingine. Upepo ulishaanza, turubai zinapiga kelele. Magige akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini lakini wote wakasikia, "Umemsoma asiye yeye. Baba yako alikuwa anamsoma aliye yeye. Huyu ni nani?"

Nikainama, nikarudisha karai moja juu ya alama.

"Anamficha mgonjwa wake," sauti ikasema nyuma. Nyingine ikasema, "Analipwa." Jiwe likarushwa, likampata Marwa begani. Wakaanza kusogea, ile sogea ya watu wengi ambayo hakuna anayeianza. Mke wa Marwa alinishika sketi. Alishika tu, kwa nguvu, kama mtu anayezama.

Nikasema kwa nguvu, "Ni mtu ambaye goti lake la kulia halikunji. Mguu anautupa nje, wa kushoto anausimamia vidole. Nimemfanyisha mazoezi mwenyewe. Nimezichora nyayo hizi, ziko kwenye faili hospitali. Ni Chacha. Chacha, mtoto wa Wambura."

Wale waliokuwa wanasogea wakasimama pale pale. Halafu matone ya kwanza yakaanza kudondoka juu ya makarai.

Nilikwenda Sirari siku ile ile, nimelowa, kwa bodaboda. Nilijua vijana wa Magige wangekuja nyuma yangu mvua ikipungua. Nilivuka nikafika kwa Mjomba saa kumi. Mjomba akanipokea, "Wacha maneno, keti kwanza, mbona uko hivi?" Sikukaa. Chacha alikuwa uani, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mguu wake umenyooka mbele kama mpini. Aliponiona hakushangaa.

"Ulinijuaje?"

"Kidole gumba cha kushoto."

Akainamisha kichwa. "Nilijua Tata hayupo," akasema. "Nilisema hakuna tena wa kuzisoma."

Tata, alilia, halafu akanieleza. Alivuka usiku ule na wenzake wawili walioahidi kumpa gawio. Yeye kazi yake ilikuwa kubeba. Mzee Nyamhanga alishtuka, wenzake wakakimbia na viroba, yeye hawezi kukimbia. Mzee akamrukia kutoka nyuma, wakaanguka wote, na goti likakunjwa chini ya uzito wa watu wawili. Lile goti. Mimi ninalijua, nimelishika kwa mikono hii, najua nyuzi ya kumi na sita inampa maumivu gani. Akasema hakuona kitu, aliona weupe tu, na nyundo ilikuwa mkononi.

Sijui kama ni kweli yote. Yeye ni ndugu yangu, lakini alimwacha mzee wa watu akitoka damu akaondoka. Nilimwambia hivyo hivyo.

Ningeweza kumwambia akimbilie Migori. Mjomba alishaanza kutafuta gari, nilimsikia kwenye simu. Nikamwambia Chacha, "Vijana wa Magige wanakuja. Watakupata Migori, watakupata Kisii, maana kila utakakokanyaga unaandika jina lako. Kituo cha polisi Sirari kiko karibu kuliko wao. Twende." Akausogeza ule mguu kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Niinue." Ilikuwa mara ya kwanza tangu aumie kuniomba nimwinue.

Kutoka kwa Mjomba mpaka mpakani si mbali. Siku ile palikuwa mbali. Mvua ilikuwa imekatika, malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wamerudi kwenye viti vyao, mawakala wa forodha wanakimbia na makaratasi mkononi. Nilitaka kumshika mkono. Akasema, "Usinishike. Wakiona umenishika watajua siwezi kukimbia."

Nikatembea upande wake wa kulia, upande wa goti. Nilisikia kila hatua: kisigino, mkwaruzo, kimya kidogo akiwa juu ya vidole vya kushoto, kisigino tena. Tulipovuka tu upande wetu niliwaona. Watatu, wamesimama kando ya lori la saruji, wamelowa kama mimi. Hawakuwahi kumwona Chacha kwa karibu, nadhani. Lakini niliwasikia wakisema "goti" kule kilimani, na sasa waliliona linakuja. Mmoja akamgonga mwenzake kiwiko. Wakaanza kutufuata.

"Wangapi?" Chacha akaniuliza bila kugeuka.

"Watatu."

"Nikianguka usisimame."

Aliongeza mwendo. Sijawahi kuona nyonga ikifanya kazi ile, Tata. Alikuwa anautupa ule mguu kama kitu cha mtu mwingine, jasho linamtoka na baridi ile, na mimi kichwani nahesabu hatua kama nilivyokuwa nakuhesabia wewe. Mtu nyuma yetu aliita, "We! Bikari!" Kwa hiyo jina nalo lilikuwa limefika. Chacha hakugeuka. Mkono ulishika kola yake kwenye ngazi ya kituo, kola ikachanika, na askari aliyekuwa mlangoni akauliza kwa ukali kuna nini hapo. Chacha akasema jina lake lote. Akasema, "Nimekuja mwenyewe." Halafu akakaa chini palepale kwenye ngazi, kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa umeishiwa.

Yuko rumande Tarime. Kesi haijaanza kusikilizwa. Wenzake wawili hawajapatikana. Marwa yuko kwake, bega limepona, na anakuja mazoezi kila Jumatano. Mke wake alileta kuku. Mama alimchinja, akampika, akanipakulia, na yeye hakugusa hata mchuzi.

Siku za kwanza sikuweza kwenda kumwona Chacha. Nilipokwenda, hatukuongea la maana. Nilimwonyesha jinsi ya kulala kifudifudi na kuvuta kisigino kuelekea tako kwa kutumia taulo. Askari magereza alituangalia kama wendawazimu. Chacha akasema, "Ndani humu nina muda." Goti limefika nyuzi ishirini na mbili, nimepima mwenyewe.

Mzee Nyamhanga alizinduka siku ya tano. Kwa kuwa alipigwa kushoto, upande wake wa kulia ndio uliolegea, mkono na mguu. Faili lake likaletwa kwenye meza yangu, maana fiziotherapia ni mimi peke yangu. Nilipoingia wodini aligeuzia uso ukutani. Akawaambia manesi kwa ule ulimi wake mzito, "Wa Wambura asiniguse." Nilirudi kesho yake, akasema vile vile. Siku ya tatu alimwambia binti yake asimame kati yangu na kitanda. Nilikuwa nasimama mlangoni dakika chache, naona kigimbi kinavyozidi kusinyaa, kifundo kinavyoanza kukaza, halafu naondoka. Unajua mguu uliolala hausubiri mtu amalize hasira. Nilikuwa nalia chooni, Tata, kwa sababu ya kifundo cha mtu ambaye ndugu yangu alimwacha afe.

Jana asubuhi aliniita mwenyewe. Binti yake alikuja mbio mpaka chumbani kwangu. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameegemea mto. Aliniangalia, jicho moja likiwa halifungi vizuri.

"Wanasema wewe ndiye ulimtaja."

"Ndiyo, Baba."

"Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

Akapumua. Akaunyoosha ule mkono wake mzima kuelekea kwangu, si kwa kunisalimia. "Haya," akasema. "Nisimamishe."

Tata, sikulaumu kwa yule wa kijitoni. Sijui alikuwa nani kwako, na sasa najua uzito wa kukaa pale chini na mguu wa mtu unayempenda mbele yako. Nataka tu ujue niliona, na kwamba sikuweza kufanya vile. Kama umekasirika, kasirika. Mama naye nimemwachia hasira yake. Namkuta anazungumza na nguo za Chacha akizifua, na simkatizi.

Nitaitwa mahakamani. Nakuahidi nitasema kilichoandikwa chini, sitaongeza wala kupunguza, hata kama Chacha ananiangalia. Na wakiniuliza goti lile lilimuuma kiasi gani, nitasema hilo nalo, hata kama binti wa Mzee Nyamhanga ananiangalia. Wote wawili ni wagonjwa wangu. Hakuna hata mmoja kati yao nitakayemwachia mtu mwingine.

Pumzika, Tata. Mimi naamka mapema. Mzee amesema tuanze saa moja, kabla wodi haijaamka, kwa sababu hataki watu wamwone akianguka.

Mwanao,
Bhoke